Kumlisha kondoo mwenye mimba hapa Mombasa: kalenda ya siku 147

Mwaka wangu wa kwanza na kondoo, huku Utange, walizaliwa wana watatu ndani ya wiki moja na hakuna aliyefika kilo mbili. Mmoja hakuweza hata kusimama anyonye. Nilishangaa, maana mama zao nilikuwa nimewanunulia mashudu karibu mwezi mzima na kihori hakikukauka. Jirani yangu, mzee aliyefuga tangu ujana wake, aliwatazama kisha akaniuliza: "Mwanangu, dume alipanda lini?" Sikujua. "Basi ulikuwa ukilisha tarehe usiyoijua," akasema, akaenda zake kuswali.

Tangu siku ile nafuga kwa daftari. Maelezo haya ni ya mwenye kondoo watatu, kumi au ishirini huko Kisauni, Likoni, Jomvu au Mtwapa, anayelisha kwa majani ya kukata, mabaki ya soko na gunia moja la pumba. Mwenye ranchi ana hesabu zake.

Hatua ya kwanza: ishike tarehe ya dume

Kondoo hubeba mimba siku 147 hivi. Wengine 144, wengine 150. Shida yetu ni kwamba dume hutembea na majike mwaka mzima, na kondoo wa huku hupata joto mwezi wowote. Basi mtenge. Kama huna zizi la pili, mfunge kipande cha gunia tumboni, mbele ya uume, kining'inie. Atapanda lakini hatafika. Mwezi ulioamua ukiingia, mvue gunia na umpake kifuani rangi nyekundu ya unga iliyokorogwa na mafuta ya kupikia. Kila jike aliyepandwa utamwona na doa kiunoni. Pita asubuhi, andika.

Jike ambaye hakushika hurudi joto baada ya siku 17 hivi. Kwa hiyo zikitimia wiki mbili, badilisha rangi, weka buluu. Aliyebaki na doa jekundu peke yake yaelekea ameshika. Mwenye la buluu juu, futa tarehe ya kwanza uandike mpya. Ukiweza kumpata daktari wa mifugo mwenye altrasaundi, mwite mimba ikiwa na miezi miwili hivi. Mwambie akutafutie pacha, kwa sababu mama wa pacha atakula tofauti na wenzake.

Hatua ya pili: uchague mwezi wewe, usichaguliwe na dume

Chukua mfano. Dume akipanda tarehe 10 Januari, jike atazaa karibu na tarehe 6 Juni. Hapo katikati, siku ya 40 hadi ya 80 ya mimba zitaangukia kati ya tarehe 19 Februari na 31 Machi, yaani kaskazi inapofia, jasho halikauki, na majani yamekwisha. Kisha mwana azaliwe zizi likiwa tope la masika. Huo ndio mwaka wangu wa kwanza, karibu siku kwa siku.

Sasa mwachie dume tarehe 5 Juni. Siku ya 30 hadi ya 90 zitakuwa kati ya tarehe 5 Julai na 3 Septemba, miezi yetu ya ubaridi, upepo wa kusi unavuma na nyasi za masika bado zipo. Wiki sita za mwisho zitaanza katikati ya Septemba, majani yakiwa yanakauka. Hapo ndipo pa kutoa pesa mfukoni. Atazaa mwisho wa Oktoba, vuli ikianza kuotesha majani ya kumpa maziwa.

Joto lenyewe, ukiacha ukame, hudhuru mimba. Mnyama akizidiwa na joto, damu nyingi hukimbilia ngozini kujipoza na mji wa mimba hupungukiwa. Watafiti waliowaweka kondoo katika vyumba vya nyuzi 40 mimba zikiwa katikati walipata makondo madogo na watoto wadogo, na upungufu huo haukuletwa na kula kidogo peke yake. Mombasa haifiki nyuzi 40, lakini zizi la mabati la saa nane mchana mwezi wa Machi, bila dirisha, ingia mwenyewe ukakae humo. Red Maasai na kondoo wa Kisomali mwenye kichwa cheusi huvumilia zaidi kuliko Dorper, ambaye utamsikia akihema toka barabarani.

Najua wengi hupanga kwa kufuata Idi ya kuchinja. Mimi nafuata mvua kwanza. Idi hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo hesabu iliyokufaa miaka mitatu iliyopita sasa imeshateleza kwa mwezi mzima.

Hatua ya tatu: papasa mgongo kabla dume hajaingia

Manyoya na tumbo hudanganya, lakini mgongo wa kiunoni hausemi uongo. Weka vidole nyuma ya mbavu ya mwisho, juu ya uti. Ukihisi kama unapapasa vifundo vya ngumi iliyokunjwa, huyo amekonda: alama 1 au 2 katika kipimo cha 1 hadi 5. Ukihisi kama mgongo wa kiganja kilichonyooshwa, mifupa ipo ila imefunikwa, huyo ni 3. Usipouhisi mfupa hata ukibonyeza, ni 4 au 5, amenenepa kupita kiasi.

Unamtaka aanze mimba akiwa 3, afike kuzaa akiwa 3 au zaidi kidogo, na katikati asishuke chini ya 2 na nusu. Kupandisha alama moja huchukua kama wiki sita hadi nane za kula vizuri, kwa hiyo kama dume anaingia Juni, papasa mwezi wa Aprili. Mkia wa mafuta usikudanganye. Nimeona jike mwenye mkia mnono na uti kama msumeno.

Mwezi wa kwanza wa mimba hauna mengi. Usibadilishe chakula kwa ghafla, usiwasafirishe kwenye pikapiki, usiwakimbize na mbwa. Usimpe pia dawa ya minyoo ya albendazole, kwani huweza kuharibu mimba changa. Mwambie muuza dawa kwamba jike amepandwa, akupe nyingine.

Hatua ya nne: siku ya 30 hadi ya 90, unapojengwa mlango

Kondo na kondoo: Kiswahili kimeyaweka maneno haya mawili karibu hivi kwamba tofauti ni kuvuta sauti tu. Na mimi naona kazi yote ya kulisha mimba iko katika kondo, lile zalio ambalo siku ya kuzaa tunalitupa bila kulitazama.

La kondoo si bonge moja kama la binadamu. Ni vifungo vingi, sabini, themanini, pengine mia, vilivyoshikamana na ukuta wa mji wa mimba. Kila chakula cha mtoto, sukari, protini, madini, na hewa anayoivuta kwa damu ya mama, hupita humo. Vifungo hivi hukua kwa kasi kuanzia mwezi wa pili na hufika ukubwa wake siku ya 75 hadi ya 90 hivi. Baada ya hapo havizidi kukua, hata ukileta lori la mashudu.

Na sasa tazama mtego. Siku ya 90 mtoto mwenyewe hajafika robo ya uzito atakaozaliwa nao. Tumbo la mama halijatoka. Anaonekana kama asiye na mimba, kwa hiyo ndiye tunayempa mabua, mwenye kunyonyesha apewe majani mazuri. Nilifanya hivyo hivyo. Nilipoanza mashudu mwezi wa mwisho, mlango ulikuwa umeshajengwa mdogo, na chakula kingi kiliishia mwilini mwa mama.

Miezi hiyohiyo ndipo nyuzi za msuli wa mtoto zinapoumbwa kwa wingi. Idadi yake hukamilika kabla hajazaliwa. Akishatoka, zilizopo hunenepa tu, hazizaliwi nyingine. Ndiyo maana mwana aliyezaliwa mdogo sana hubaki nyuma ya wenzake, na ukimlisha kwa nguvu huelekea kujaza mafuta kuliko nyama. Bucha atakuambia hivyo bila kusoma kitabu.

Jike aliyeanza mimba akiwa 3 akipungua kidogo katika miezi hii hana neno. Kondo lake huweza hata kujitanua kufidia. Aliyeanza akiwa 2 hana akiba ya kufidia chochote.

Kwa hiyo katika siku hizi sitini lengo ni mgongo usishuke. Mpe nyasi au napia iliyokatwa ikiwa changa, ashibe, na majani ya jamii ya kunde: matawi ya lukina au gliricidia, mabaki ya kunde baada ya kuvuna. Matembele pia yanafaa. Lukina isizidi theluthi moja ya anachokula, ina sumu yake ikizidi. Kama nyasi ni kavu na ngumu, ongeza gramu 100 hadi 150 za pumba kwa siku. Pima mara moja kwenye mizani ya dukani, weka alama kwenye kopo, basi.

Kivuli ni sehemu ya chakula. Mwarobaini au mwembe unatosha mchana. Zizi, kama unaweza, liezeke makuti. Lishe kubwa iwe jioni na alfajiri, kwani saa sita mchana kondoo aliyechemka hali. Maji yawepo saa zote. Wengi wetu tunachota visima vya chumvi, na kondoo huvumilia chumvi kiasi, lakini ukiona ndoo inabaki imejaa siku ya joto, yachanganye na maji ya mfereji. Asiyekunywa hali.

Jike mchanga, anayebeba mimba yeye mwenyewe bado anakua, ana kanuni yake, nayo ni ya ajabu. Watafiti wa Rowett Institute huko Aberdeen, Uskoti, waliwalisha majike wachanga kwa wingi tangu mwanzo wa mimba. Mama walinawiri, kondo likatoka dogo na watoto wakazaliwa wadogo: mwili wa mama mchanga uliokuwa ukikua kwa kasi uliwanyang'anya. Basi mchanga umlishe akue polepole bila kukonda, usimnoneshe. Afadhali zaidi usubiri afikie theluthi mbili ya uzito wa jike mzima ndipo umwonyeshe dume.

Hatua ya tano: wiki sita za mwisho

Kuanzia siku ya 105 mtoto anapaa. Karibu asilimia 70 ya uzito wa kuzaliwa huongezeka katika wiki hizi sita. Tatizo ni kwamba mji wa mimba unabana tumbo la chakula, kwa hiyo mama anahitaji zaidi huku nafasi yake ikipungua. Majani peke yake, hasa makavu, hayatoshi tena hata ayajaze mpaka kooni. Anahitaji chakula kizito katika ujazo mdogo.

Mchanganyiko wangu ni debe tatu za pumba za mahindi au ngano, debe moja la mashudu ya nazi, na debe moja la mashudu ya alizeti. Mwenye mtoto mmoja anaanza na gramu 150 kwa siku na kupanda polepole hadi 300. Mwenye pacha anafika 500. Gawanya asubuhi na jioni. Hizi ni hesabu za jike wa kilo 35 hadi 45. Dorper mkubwa aongezewe. Na majani mabichi yasikatike, kwa kuwa vitamini A hutoka humo.

Mashudu yanuse kabla ya kulipa. Unyevu wa Mombasa hauna huruma na gunia. Kuna duka moja liliniuzia mashudu yaliyoshikana mabonge, ndani yana kijani. Nikajisemea mbuzi na kondoo hawachagui. Wawili walitupa mimba. Sina cheti cha maabara, ila kuvu ya namna hiyo hutoa sumu, na siku hizi bonge likiwa na kijani au harufu ya chini ya godoro nalirudisha. Gunia lako liweke juu ya mbao, mbali na ukuta.

Chicha ya nazi ya jikoni ni zawadi, lakini ina mafuta mengi, na mafuta yakizidi huwaua wale wadudu wa tumboni wanaosaga nyasi. Konzi mbili kwa siku, ya siku hiyohiyo. Ikilala inachacha.

Jiwe la chumvi na madini liwepo, la kondoo. La ng'ombe, au chakula cha kuku na nguruwe, mara nyingi lina shaba nyingi, na kondoo hufa kwa shaba ambayo ng'ombe haimshughulishi. Ukikosa kabisa, chumvi ya mezani yenye madini joto ni bora kuliko kukaa bure.

Vya bure vinavyoua

Sokoni Kongowea kuna majani ya kabeji ya bure mpaka unaona haya kununua nyasi. Mpe, ila yasiwe ndiyo chakula. Kabeji na jamaa zake huzuia madini joto kufanya kazi, na jike akizila kwa wingi mimba nzima mwana huweza kuzaliwa na uvimbe wa tezi kooni, dhaifu, asiyeweza kujitia joto. Majani ya muhogo yana tatizo hilohilo na sumu kali zaidi yakiwa mabichi. Yaanike yakauke kwanza. Mimi sizidishi robo ya kihori kwa kabeji na muhogo kwa pamoja.

Pilau ya arusi ni hatari kuliko zote. Kondoo asiyezoea nafaka akikuta sinia mbili za wali uliobaki, tumbo hugeuka tindikali usiku huohuo, na mwenye mimba akipona mwenyewe mimba haiponi. Ukijua mtaani kuna shughuli Jumamosi, wafungie tangu Ijumaa.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, lakini vifungashio vya mikate na kamba za magunia bado vinazagaa. Vikijaa tumboni havitoki, na nafasi ya chakula inazidi kupungua palepale mimba inapoibana. Jike wa kuzurura mtaani msitishe kuzurura angalau miezi miwili ya mwisho.

Hatua ya sita: minyoo, kabla hujalaumu chakula

Pwani yetu ni yenye unyevu, na mnyoo anayenyonya damu tumboni anaipenda. Kondoo akikaribia kuzaa kinga yake hulegea, minyoo hutaga kwa wingi, na damu ambayo ingemlea mtoto inakwenda kwao. Vuta kope la chini la jicho: jekundu ni salama, waridi iliyopauka ni onyo, jeupe ni dharura. Fanya hivyo kila wiki mbili, na umwone daktari kuhusu dawa wiki chache kabla ya kuzaa.

Kwa anayechagua mbegu, jibu liko karibu. Kuanzia mwaka 1991 watafiti wa mifugo walilinganisha Red Maasai na Dorper kwenye shamba moja huko Diani, ng'ambo ya feri ya Likoni, na Red Maasai wakaonekana kuhimili minyoo na kuishi vizuri zaidi katika hali hii ya pwani. Dorper ana mwili, hilo silikatai. Mimi nimebaki na majike wa Red Maasai.

Dalili za kukimbilia simu

Wiki sita za mwisho, jike akijitenga, akakataa pumba, akaanza kutembea kama kipofu au kusimama ameinua kichwa akitazama juu, na pumzi yake ikanukia utamu kama wa matunda yaliyovunda, mpigie daktari saa hiyohiyo. Watoto wanatumia sukari kuliko anayoipata, naye anayeyusha mafuta ya mwili wake kwa kasi mpaka yanamtia sumu. Huwapata zaidi wenye pacha, waliokonda na walionenepa kupita kiasi, na aghalabu huanza siku mlo ulipokatika: mvua kubwa, safari, mwenyewe ulikwenda mazikoni. Kama bado anameza vizuri, mnyweshe molasi iliyochanganywa na maji wakati unasubiri. Daktari ana dawa bora, usijitibu siku tatu.

Siku ya kuzaa

Mama aliyelishwa vizuri utamjua kwa kiwele: dang'a yake, yale maziwa ya kwanza, ni nzito, ya manjano, na inatoka bila kukamuliwa kwa nguvu. Hii haina mbadala. Kinga ya mama kondoo haipiti kwenye kondo, kwa hiyo mwana huzaliwa hana kinga yoyote na yote huipata kwa kunyonya, na utumbo wake hufunga mlango huo ndani ya siku moja. Anyonye katika saa mbili za kwanza, kiasi cha mililita 50 kwa kila kilo yake. Kwa saa 24, mililita 200 kwa kilo. Asiyeweza kusimama, mkamue mama umnyweshe mwenyewe. Kitovu kitie ayodini.

Akishakauka, mweke kwenye kikapu, mtundike kwenye mizani ya ndoano. Kisha, kabla mbwa hawajafika, litandaze zalio juu ya gunia ulitazame: vifungo vikubwa vingi, au vidogo vilivyosambaa na nafasi tupu katikati? Andika uzito wa mwana, andika ulichokiona, kwenye mstari uleule ulioandika siku ya doa jekundu. Mwezi huu, mwana wa jike wangu mwenye sikio lililopasuka amekuja na kilo tatu na robo. Mama huyohuyo, mwaka wa kwanza, alinipa yule asiyeweza kusimama.